Osiloskopu iliyokuwa inaumwa asubuhi

Mwalimu alishuka na kosta ya Lindi amepakata kitu kimeviringishwa blanketi, na anasema njia nzima kuanzia Mnazi Mmoja mpaka Mikindani abiria walikuwa wanamuuliza kama kapakata televisheni au mgonjwa. Kilo 12 hivi kwenye mapaja kwa zaidi ya kilomita 100, jamani, huyo ni mtu anayependa wanafunzi wake. Ilikuwa mwezi wa nne 2024, mwishoni, mvua bado zinapiga, na banda langu hapa Mtwara liko upande wa chini karibu na soko la samaki la feri, kwahiyo ukiingia kitu cha kwanza unachokutana nacho ni harufu ya samaki, cha pili ndo mimi. Hiyo harufu naomba uishike kichwani maana itarudi.

Kwenye blanketi kulikuwa na osiloskopu ya dijitali, ya Kimarekani, imetengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Chaneli nne, yaani milango minne ya kupimia, megahezi 500, sampuli bilioni moja kwa sekunde, kioo cha kizamani cha rangi moja kile chenye mgongo. Chapa siitaji kwasababu ugonjwa huu uliwapata karibu wote waliotengeneza vifaa vya elektroniki miaka ile na wala siyo kosa la mmoja. Kwa wasiojua, mita ya mkononi inakupa namba moja tu, volti 5 basi, lakini osiloskopu inakuchorea volti inavyopanda na kushuka, ya dijitali inafanya hivyo kwa kupima haraka haraka, hii inaweza kupima kila nanosekunde moja, kila kipimo inakigeuza kuwa namba kati ya 0 na 255 maana kigeuzi chake ni cha biti 8, halafu inaziweka zile namba kwenye memori na kukuchorea. Ilipotoka kiwandani hii ilikuwa bei ya gari. Chuoni ilikuja kwenye msaada wa vifaa vilivyotumika, ikakaa stoo miaka mingi mpaka huyu mwalimu alipoamua kuifufua.

Nikamuuliza, mwalimu, shida nini?

Akanijibu, na haya ni maneno yake kamili, nayakumbuka sasa hivi kuliko siku ile: "Fundi, hii asubuhi inagoma, mchana inakubali. Nikiwa na kipindi cha saa mbili naumbuka, nikiwa na kipindi cha saa nane naonekana bingwa. Na chaneli ya pili ndo mkorofi kuliko wenzake."

Mimi nikachukua daftari nikaandika: CH2 MBOVU. Basi. Asubuhi na mchana zote nikaziacha hewani, nikaona ni porojo za mteja, kumbe ugonjwa wote alishautaja pale mlangoni kabla hata sijafungua skrubu moja, na mimi kutousikia kulinigharimu karibu wiki.

Siku ya kwanza na ya pili nilizipoteza kwenye pawa saplai, sehemu inayogawa umeme ndani ya mashine. Sijilaumu sana hapo, kwasababu huku kwetu umeme ukicheza vitu vinaanza kufia hapo, na fundi aliyenitangulia kule Lindi naye alishabadilisha kapasita zote kubwa za pawa, vile vipande vinavyotunza chaji ya umeme, kazi yake safi tu sina neno. Ila ndo hivyo, ukikuta mwenzio kachimba mahali na wewe unachimba hapo hapo. Nikapima volti zake: laini ya +5 ikasoma 5.03, ya -5 ikasoma -4.98, zile za 15 juu na chini zote ziko ndani. Nikachukua osiloskopu yangu ya zamani ya analogi, megahezi 20, ile ya kijani ambayo haijawahi kuniangusha, nikaangalia kama kuna mawimbi juu ya DC, yaani umeme ulionyooka, hakuna cha maana, milivolti chache tu. Pawa nzima. Na hapo hapo niseme kwa vijana, upande wa kuingilia umeme kwenye pawa za aina hii 230 ya ukutani ikishanyooshwa inakuwa kama volti 325 DC, imekaa kwenye kapasita kubwa na inabaki humo hata baada ya kuchomoa waya, mpwa wangu nilimpiga kibao cha mkono alipotaka kupitisha kidole, bora kibao changu.

Siku ya tatu ndo nikaanza kufikiri kama fundi. Ukiiwasha hii mashine inajipima yenyewe kwanza, inakuletea orodha kwenye kioo: prosesa imepita, paneli ya mbele imepita, sehemu ya kuchukua sampuli IMEFELI. Kwahiyo kichwa kizima, mikono mizima, tatizo macho. Mstari wa chaneli ya pili umeng'ang'ania juu kabisa ya kioo, ya kwanza na ya nne zimepinda kidogo tu, ya tatu iko sawa. Nikachomoa probu, ile waya ya kupimia, bado iko juu. Nikaenda kwenye menyu nikaiambia chaneli ya pili ijiunge na graundi yake ya ndani, yaani volti sifuri, maana yake huko nje hata uichomeke radi yenyewe haitaiona, bado iko juu. Hicho kipimo kidogo ni cha sekunde 10 na kinakata nusu ya mashine: probu siyo, soketi ya mbele siyo, shida iko ndani zaidi. Nikazungusha kitufe cha kupandisha na kushusha mstari, hausogei hata chembe, kama unaongea na mtu aliyelala.

Nikaiacha imewaka nikaenda kula. Narudi saa saba mchana, mpwa wangu ananiita, mjomba njoo uone. Mstari wa chaneli ya pili unashuka. Wenyewe. Taratibu kama mzee anashuka mnazi, unasimama kidogo, unashuka tena, saa nane ulikuwa katikati ya kioo na kitufe kinautii vizuri kabisa. Nikapiga simu Lindi kwa mbwembwe zote, mwalimu nimeipata, ni solda kavu mahali, kiungo hakijashika vizuri, ikipata joto inashika. Akanijibu kwa upole sana, "sawa fundi, lakini si nilikwambia mchana inakubali?"

Hapo nikanyamaza. Kesho yake asubuhi mstari uko juu tena.

Wazo la solda kavu lilikuwa na akili yake lakini kulikuwa na kitu hakikai sawa. Solda ikiachia inaachia kwa ghafla, ukiigonga bodi inashtuka, mstari unaruka. Huu haukuwa unaruka, ulikuwa unashuka kwa saa nzima. Kitu kinachobadilika pole pole hivo siyo mguso, ni kitu kinachokauka. Sasa hivi naandika hivi kama vile nilijua, ukweli sikujua, niliwasha pasi ya solda nikaanza kupita miguu ya vipande vilivyozunguka chaneli ya pili kimoja kimoja kuyeyusha solda upya, kazi ya kipumbavu kabisa.

Nikagusa mguu wa kapasita moja, zile za bati za duara zinazokaa juu ya bodi bila kutoboa. Solda ikagoma kuyeyuka, imefifia, ya kijivu kama jivu lenyewe. Nikaongeza joto. Ikatoka harufu ya dagaa.

Mimi wala sikushtuka, nimeshasema banda liko wapi. Aliyeshtuka ni mpwa wangu. Akasema, "Mjomba, leo feri hakuna kitu. Boti hazijatoka tangu juzi, watu wamekatazwa kwenda baharini. Dagaa wa wapi hao?"

Na kweli. Zilikuwa zile siku za kimbunga Hidaya, mwanzoni mwa mwezi wa tano, bahari chafu, redio zote zinatangaza, feri kumenyooka kweupe meza tupu. Nikagusa kapasita ya pili, dagaa. Ya tatu, dagaa. Nikainamisha pua mpaka kwenye bodi kama paka, mpwa wangu huyu angenipiga picha ningemfukuza kazi.

Harufu ile inaelezeka. Kapasita ya elektrolitiki ndani ina karatasi imelowa kimiminika, hicho kimiminika ndo kinaifanya ifanye kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, wakati vipande vya kukaa juu ya bodi vinaingia kwa kasi, watengenezaji wengi walitumia kimiminika chenye chumvi za jamii ya amonia, zilikuwa zinapitisha umeme vizuri na kapasita inakuwa ndogo, wakafurahi. Kilichokuja kujulikana baadae ni kwamba kile kimiminika kinaishambulia raba inayoziba kitako cha kapasita, kinapita pembeni ya miguu, kinatambaa kwenye bodi chini huko ambako huoni. Ukikipasha moto kinatoa kemikali zinazoitwa amini, na hizo amini ndo jamii hiyo hiyo inayofanya samaki anuke samaki. Kwahiyo pua haikukosea hata kidogo. Na ubaya wake mkubwa siyo kwamba kapasita imepungua nguvu, ubaya ni kile kilichomwagika: kinapitisha umeme, kinakula shaba, na kinapenda maji, kinavuta unyevu wa hewani kama chumvi ya kikapuni wakati wa mvua.

Sasa rudi kwenye maneno ya mwalimu. Usiku mashine imezimwa, Lindi mvua, hewa imelowa, uchafu ule unanywa unyevu, asubuhi unapitisha umeme vizuri, mashine inagoma. Ikiwaka saa kadhaa ndani kunapata joto, uchafu unakauka, haupitishi sana, saa nane mwalimu ni bingwa. Alinipa kila kitu. Mlangoni.

Kwanini chaneli ya pili ikateseka kuliko wenzake, hapa ndo palinifurahisha zaidi kwenye kazi nzima. Ndani ya mashine kuna aisii moja tu (kipande kimoja chenye saketi nzima ndani yake) inayotengeneza volti za kuamuru, ile inayosema mstari wa chaneli fulani ukae juu au chini kiasi gani. Moja kwa chaneli zote nne na mambo mengine kibao. Inafanyaje? Inazunguka. Inatoa volti ya chaneli ya kwanza, inaimwagia kwenye kakapasita kadogo, inahamia ya pili, ya tatu, inazunguka hivyo hivyo na kurudi tena kujaza. Kila kakapasita kazi yake ni kushika ile volti mpaka zamu irudi, na aisii nyingine inaisoma bila kuinywa. Ni kama umechota maji kwenye kiganja unamsubiri mwenzio anawe, vidole vikibana maji yanakaa, vidole vikiachana kidogo tu akifika hakuna kitu. Pale kwenye kiganja cha chaneli ya pili kapasita kubwa ya jirani ilikuwa imemwaga uchafu wake kati ya laini mbili za shaba, na moja ya laini hizo ilikuwa ya +15. Kwahiyo siyo tu maji yalikuwa yanavuja, kuna mtu alikuwa anajazia mengine kutoka pembeni, ndo maana mstari uliganda juu na kitufe hakina sauti.

Nilithibitisha kwa mita kabla ya kuamini. Mashine imezimwa, bodi nimeichomoa, napima kati ya zile laini mbili ambazo kwenye bodi safi hazina ndugu. Asubuhi: kilo-omu 180, na hapa namba ikiwa ndogo ndo umeme unavuja zaidi. Nikaweka taa ya joto juu yake saa moja, nikapima tena, imepanda mpaka megaomu 4 na bado inapanda. Nikaipulizia pumzi mara mbili tatu kama mtu anayesafisha miwani, ikashuka hapo hapo. Aisee nilicheka peke yangu. Mashine ya bei ya gari inaumwa pumzi.

Kapasita za aina ile kwenye bodi ya sampuli zilikuwa 34. Nikasema zote zitoke, hata ambazo hazijanuka, maana zimezaliwa siku moja tumbo moja. Watu wana njia nyingi za kuzitoa. Kuna wanaozikamata na plaisi wakazungusha mpaka miguu ikatike, nimeona watu wazima wanasifia, mimi siwezi, kwenye bodi ambayo uchafu umeshaila gundi ya shaba utaondoka na kapasita pamoja na kitako chake cha shaba kwenye bodi. Blowa ya mafundi simu nayo inafaa kwa vitu vingi lakini ukipuliza kapasita iliyojaa kimiminika inaweza kupasuka na kukumwagia uchafu sehemu ambayo ilikuwa safi. Nilitumia pasi mbili, moja kila mguu, na solda mpya kidogo kuiamsha ile ya kijivu, ikilegea unainyanyua polepole, hailazimishwi. 34 zilitoka, kitako kimoja tu kilinyanyuka. Banda likanuka soko la jioni. Fungua madirisha, ule moshi siyo wa kuvuta.

Kabla ya kutoa nilipiga picha kila upande na kuchora ramani kwenye karatasi, mshale unaonesha chanya iko wapi. Ramani hiyo ilinisaidia mara 33.

Kuosha ndo roho ya kazi, na wengi wanaruka. Kubadilisha kapasita tu bila kuosha ni kufunga bandeji juu ya kidonda kichafu, wiki tatu mteja huyo amerudi. Ule uchafu ni wa upande wa nyongo (alkali), siyo wa asidi, kwahiyo nilichanganya siki ya jikoni kidogo sana kwenye maji nikapaka na mswaki laini pale palipoharibika tu. Halafu nikasuuza na maji baridi ya betri, yale masafi ya kuongezea, SIYO maji makali, naandika kwa herufi kubwa maana dukani vidumu vinafanana na nilishaona mtu kaosha bodi ya amplifaya na asidi. Maji ya bomba hapana, yana chumvi zake na yetu ya pwani usiseme. Nikamalizia na alkoholi ya isopropili, nikairudia mara tatu, sehemu zenye rilei, zile swichi za sumaku, nilizizungushia mkanda zisiingie maji. Kukaushia sikuianika juani, upepo wa bahari nao unaleta chumvi, nikatengeneza boksi na taa ya vifaranga ndani, bodi ikalala humo usiku mzima. Jirani yangu mama anayefuga kuku alichungulia akauliza zinaanguliwa lini.

Asubuhi nikapima zile laini mbili. Mita haisomi kitu. Nikaipulizia pumzi. Haisomi kitu. Nikajua tumeshinda japo hata kapasita moja mpya sijaweka.

Kapasita mpya hapa Mtwara za aina ile hazipo, nilizunguka maduka yote ya vipuri vya redio nikaambulia za miguu mirefu tu. Nikaagiza Kariakoo tantalam, kapasita za aina kavu zisizo na kimiminika, 33 mikrofaradi na 10 mikrofaradi, kwenye laini za volti 5 niliagiza za volti 16 na kwenye za 15 nikaagiza za 35, tantalam usiibane karibu na kikomo chake, inalipuka. Shilingi 1,500 kwa moja, 34 pamoja na akiba chache, nikatuma pesa mzigo ukapanda basi. Basi likafika Somanga. Barabara imekatika, maji yamebeba njia, wale mnaokumbuka mwezi ule mnajua. Mzigo wangu wa kufichika kwenye kiganja umelala Kilwa na mabasi, mwalimu anapiga simu kila siku, mimi namwambia mwalimu kapasita ziko kwenye foleni na wewe utanielewa.

Kusubiri kulisaidia. Niliikagua bodi yote kwa kioo cha kukuzia na nikakuta kitu ambacho ningekikosa kwa haraka: tundu moja dogo lile lenye shaba linalounganisha laini ya juu na ya chini limeliwa kabisa, chini ya pale ilipokuwa kapasita. Juu kuna njia ya -15, chini hakuna. Ndo maana chaneli ya nne nayo ilikuwa imepinda, aisii yake ilikuwa inakula upande mmoja tu. Nikapitisha uzi mmoja wa waya wa transfoma, nikakwangua rangi ncha zote mbili, solda juu solda chini. Dakika 10.

Kipindi hicho hicho rafiki yangu fundi wa Dar akanishauri kwenye simu kwamba mashine za umri ule badilisha na memori kabisa, zinakufa. Nikamkatalia. Bodi ya prosesa ina memori ya aina inayobeba betri ya lithiamu ndani yake mwenyewe, imefunikwa na plastiki huoni, na humo ndo kumehifadhiwa namba za usahihisho walizoziandika kiwandani, kila chaneli inasema ukweli kwa sababu ya namba zile. Betri hizo ziliahidiwa kama miaka 10, hii imevuka 30 na bado inapumua. Ukiitoa kizembe namba zimepotea, na kuzirudisha kunataka vifaa vya maabara ambavyo huku kwetu hata kuviota ni gharama. Rafiki yangu anasema kweli kwamba itakufa, ila sahihi yake ni kunakili kwanza kisha ndo ubadilishe, na mimi kifaa cha kunakilia sina. Nikaiacha, sikuigusa wala kuiosha, nikamwandikia mwalimu kwenye risiti kwamba hicho ndo kinachofuata na asichelewe.

Mzigo ukafika. Nikafunga kapasita jioni ile ile, na hapa ndo niliharibu. Kapasita ya zamani ya bati ina alama nyeusi juu yake, alama hiyo ni HASI. Tantalam ina mstari juu yake, mstari huo ni CHANYA. Vitu viwili vinakaa sehemu moja, alama zinafanana, maana kinyume. Nilikuwa najua, miaka mingi najua. 33 nilizifunga nikiwa macho, ya 34 ilikuwa saa nne usiku, umeme umekatika natumia tochi ya simu, nikaangalia picha badala ya ramani, nikaona alama kushoto nikaweka mstari kushoto. Umeme uliporudi nikawasha. Tapwi! Cheche moja ya rangi ya chungwa, moshi, na bodi ikapata kidoa cheusi ambacho kipo mpaka leo kama chanjo ya bega. Mpwa wangu hakusema kitu, ambacho kiliuma zaidi. Nikakwangua masizi yote, maana nayo yanapitisha umeme, nikaweka nyingine kutoka kwenye akiba, nikazipitia zote 34 tena kwa kidole, na safari hii tukasubiri asubuhi.

Ikawaka. Prosesa imepita, paneli imepita, sampuli IMEPITA. Mistari minne imelala katikati kama watoto kwenye mkeka. Niliiacha ipate joto dakika 20 ndo nikaendesha ile programu yake ya kujirekebisha, ambayo inapima kasoro zake yenyewe ndogo ndogo na kuzifuta, lazima usichomeke kitu chochote mbele wakati inajipima. Ikachukua dakika kadhaa, ikakubali. Nikachomeka probu kwenye kile kijiti chake cha majaribio kinachotoa wimbi la mraba la kilohezi 1, likasimama pembe zake nne safi. Nikaipelekea volti 5 nilizozihakiki na mita yangu nzuri, ikasoma 4.97, kwa biti 8 siwezi kumdai zaidi. Kristali ya megahezi 4 kwenye bodi moja ya kufundishia, ikaiona 4. Megahezi 500 sikuijaribu, sina chanzo cha kunifikisha huko, na mwalimu nilimwambia hivyo hivyo.

Lakini hizo zote zilikuwa za kujifurahisha. Kipimo nilichokuwa nakitaka ni kingine. Niliizima, nikaiacha usiku kucha kando ya dirisha la upande wa bahari, dirisha wazi, saa kumi na mbili asubuhi nikaja kuiwasha na kikombe cha chai mkononi. Siku tano mfululizo hivyo, na siku ya tatu mvua ilinyesha kisawasawa mpaka ukuta umelowa. Mara zote tano mistari ilikaa katikati kabla chai haijapoa.

Mwalimu alikuja kuichukua na blanketi lile lile. Nilimtoza laki moja na 80 pamoja na vipuri, sikuhesabu siku mbili za pawa wala ile tantalam iliyolipuka, hayo ni yangu. Akasimama mlangoni akaniuliza nimeona nini, nikamwonesha lile daftari, CH2 MBOVU, nikachukua kalamu nikaongeza pembeni yake: asubuhi. Akacheka mpaka akakaa, akasema hata wanafunzi wake hujibu hivyo, nusu ya swali. Akanunua ming'oko pale stendi ya kula njiani, osiloskopu mapajani.

Memori aliifanyia kazi mwenyewe miezi miwili baadae, alipata kifaa cha kunakilia, akasoma ya zamani akahifadhi nakala mahali patatu, akaweka mpya, namba zote zimehamia.

Juzi kanipigia tena, saa moja asubuhi, nasikia mvua kwenye bati upande wake. Kumbe stoo kulikuwa na ya pili, ya aina hiyo hiyo, hakuwahi kuifungua, sasa kafungua mfuniko na pasi ya wanafunzi kagusa kapasita moja.

"Fundi," ananiambia, "hii yako ilikuwa dagaa. Hii ni ng'onda kabisa."